Mtungi Mmoja, Biti Kumi na Moja

Saundi yenyewe ina sekunde nne. Mtungi wa maji wa lita 20, mtupu, unaburutwa sakafuni, unagonga fremu ya mlango wa chuma, halafu mtu anakohoa. Basi. Hiyo ndiyo tuliyopewa sote, na mwezi mzima wa kuigeuza iwe wimbo usiozidi dakika mbili. Sheria ni moja tu ya maana: mtungi lazima usikike. Usiufukie chini ya vitu vingine kama mtu anayeficha sufuria chafu chini ya kitanda wageni wakibisha hodi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi tunakutana kwa kinyozi, ghorofa ya chini ya ploti yetu hapa Pipeline, baada ya yeye kumaliza wateja. Spika yake inaunganishwa na simu ya kila mmoja kwa zamu, na tunaskiza. Hakuna zawadi, hakuna kura, hakuna namba moja. Nimeshiriki miezi saba sasa. Nataka kuandika juu ya ile Jumapili ya mtungi jinsi watu wanavyoandika juu ya albamu, maana enyewe ilikuwa albamu, hata kama haitawahi kutoka. Na pia kwa sababu siku hiyo nilisema jambo ambalo bado linanikaa kooni.

Kama hujawahi kufika Pipeline, jua kwamba hapa saundi haina mwenyewe. Nyumba za ghorofa saba, nane, zimebanana hivi kwamba wa dirisha la pili anajua umepika nini na mmegombana na nani. Korido ni giza saa sita mchana. Maji yanakuja siku yanayotaka yenyewe, na yakija, hata kama ni saa kumi usiku, mitungi inaanza kuburutwa kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Kwa hivyo yule aliyeleta ile saundi hakutuletea kitu kigeni. Alituletea kitu ambacho sisi wote tumewahi kukitukana tukiwa usingizini.

Tulikuwa kumi na mmoja. Sitazipitia zote. Nne au tano zilikuwa zile ninazoziita biti za heshima: mtu amekata mlio wa mtungi kugonga mlango, akauweka pale ngoma inapopiga, akaongeza besi, akarudia hadi dakika mbili ziishe. Hazina kosa. Pia hazina swali. Unaskiza ukitingisha kichwa, na ukitoka nje umesahau.

Ya msee wa boda ilianza vizuri kuliko zote. Alichukua ule mkwaruzo wa sakafuni akaushusha chini, chini kabisa, mpaka ukawa kama lori la mchanga linapanda Outering na gia ya kwanza. Kinyozi mwenyewe aliacha kufagia. Lakini baada ya sekunde arobaini hivi lori lilikuwa bado linapanda, na halikufika popote. Nadhani alipenda saundi yake sana hadi akaogopa kuigusa. Namwelewa, hiyo ndiyo ajali ya kawaida ya anayetunga kwa simu usiku, earfoni masikioni, jirani amelala upande wa pili wa ukuta: ukipata kitu kitamu unakaa hapo hapo.

Ya pili ninayotaka kuisema ni ya dada anayeuza mitumba pale stejini. Wote tuliukimbilia mtungi, yeye akachukua kikohozi. Hakukibadilisha, hakukifanya kichekesho. Alikiacha vile kilivyo, mara moja kila baada ya muda fulani, na katikati akawa anavuma kwa pua wimbo usio na maneno, ule wa mtu anayefanya kazi ya nyumba. Mtungi unaburutwa, anavuma. Mlango unagongwa, anavuma. Halafu kikohozi, na yeye ananyamaza, kana kwamba anangoja kuskia kama kitafuatwa na kingine. Kisha anaendelea. Hapo ndipo nilielewa kwamba ile sekunde ya nne, ambayo kumi kati yetu tuliifuta kama uchafu wa kurekodi, ndiyo iliyokuwa na mtu ndani yake. Alirekodi kwa BandLab, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na unaweza kuskia feni ya jirani nyuma. Sina la kuongeza. Mwezi huo hakuna aliyemkaribia.

Halafu kuna kijana mmoja wa chuo, mtu wa Mombasa, anaishi na binamu yake ghorofa ya tano. Huyu alitaka kuifanya chakacha. Sasa, chakacha inahesabiwa kwa sita, na yeyote aliyewahi kuona kiuno kikifuata ngoma hiyo kwenye harusi ya Pwani anajua ile sita haiko kichwani, iko mwilini. Lakini yeye anatumia FL Studio, na ukiifungua programu hiyo unakuta visanduku kumi na sita, vimepangwa vinne vinne. Kumi na sita haigawanyiki kwa sita. Programu yenyewe inakubali kubadilishwa, ila ni nani kati yetu hufungua mipangilio? Tunatunga ndani ya visanduku tulivyovikuta, ndio maana nusu ya biti za mtaa zinatembea mwendo mmoja. Kijana akalazimisha. Pigo moja likawa linachelewa kila mzunguko, chakacha ikawa inachechemea.

Wengine walicheka kidogo, kwa upole. Mimi nilitaka irudiwe. Kwa sababu mtungi uliojaa maji ukibebwa ngazi tano hubebwa hivyohivyo: hatua, hatua, pumziko, bega linabadilishwa. Sijui kama alikusudia. Nilipomuuliza alisema, "Ah, hiyo ni makosa, bro, nitairekebisha." Nilimwomba asiguse.

Yangu ilikuwaje? Ilikuwa safi. Nimetumia neno hilo nikijua maana yake. Nilikuwa nimekaa nayo wiki tatu, nikasafisha kila mkwaruzo, nikaongeza mwangwi hadi mtungi ukasikika kama kengele ya kanisa la mbali. Watu walisema "moto". Mmoja akasema "hii ni ya Netflix." Ilipoisha hakuna aliyeuliza chochote. Mtungi wangu haukuwa na maji, haukuwahi kuwa na maji.

Neno "moto" ndilo ninalotaka tulizungumze.

Mashindano ya kirafiki kama haya hayakuanzia kwetu. Marekani kuna kundi liitwalo Disquiet Junto, lililoanzishwa na Marc Weidenbaum mwezi Januari 2012. Kila Alhamisi kazi mpya, na muda ni hadi Jumatatu. Kazi yao ya kwanza kabisa ilikuwa kurekodi kipande cha barafu kikigonga glasi na kukifanyia muziki. Barafu ndani ya glasi! Huku kwetu nani ana friji? Lakini wazo ni lile lile: wote mnaanzia mahali pamoja, hamna mshindi, na tarehe ya mwisho ndiyo mwalimu.

Na hata bila kwenda Marekani, wengi wetu tumekulia ndani ya wazo hilo bila kulitambua. Waliopanda basi la shule kwenda Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwepo tangu 1927, wanakumbuka wimbo mmoja uliopangiwa kila kwaya. Unakaa ukumbini unaskia wimbo ule ule mara kumi na tano, na kufikia wa sita masikio yako yamekuwa makali kama ya mbwa. Unajua nani alivuta pumzi mahali pabaya. Unajua sauti ya tatu ya shule fulani imepotea. Hakuna anayezaliwa na masikio hayo, ni marudio yanayokupa. Riddim za Jamaika zinafanya kazi hiyo hiyo. Ile Diwali ya Steven "Lenky" Marsden ilimpa Sean Paul wimbo wa kuruka na ikampa Wayne Wonder wimbo wa mapenzi, biti ile ile, na ukiziskiza pamoja ndipo unajua kila mmoja wao ni nani hasa. Arbantone yetu ya hii miaka ya karibuni imejengwa juu ya tabia hiyo: chukua mdundo ambao watu tayari wanaujua, tuone wewe utaufanyia nini.

Lakini kule tamashani kulikuwa na mwamuzi. Mtu mzima, mezani, na kalamu. Ukimaliza anasimama mbele ya shule zote na kusema mlichofanya na mlichokosa. Ilikuwa inauma. Mimi nilikuwa darasa la saba mwamuzi aliposema kwaya yetu inaimba "kama watu wanaosoma risiti", na bado nakumbuka, na bado nadhani alikuwa sahihi. Sisi kwa kinyozi hatuna mwamuzi. Tuna urafiki. Na urafiki wa vijana wa Eastlands umejifunza neno moja tu la kusifu. Moto. Moto sana. Moto wa kuotea mbali. Miezi minne mfululizo kila nilichopeleka kilikuwa moto, na miezi minne mfululizo sikujifunza kitu. Ukimwambia mtu "moto" umempa heshima, ni kweli, lakini hujampa sikio.

Kwa hivyo nilikuwa nimejiapia. Mwezi wa mtungi nitasema ninachoskia.

Kati yetu kuna fundi wa simu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili. Kibanda chake kiko karibu na duka la gesi. Yeye hakuja na biti. Alikuja na wimbo kamili, wenye kiitikio, sauti imenyooshwa kwa mashine, kila kitu kimeng'aa. Alikuwa amelipa studio elfu tatu kurekodi. Elfu tatu, kwa mashindano yasiyo na zawadi. Mtungi ulisikika mara moja, mwanzoni, kama mtu anayebisha hodi, kisha ukaisha, na wimbo ukaendelea na mambo ya pesa na ya wale waliomdharau.

Spika iliponyamaza watu wakasema kama kawaida. Moto. Moto, buda. Nami nikasema, mbele ya wote: "Mtungi wako umeachwa mlangoni, haujaingia ndani. Huu wimbo ungekuwa vile vile bila mtungi. Na ungekuwa vile vile bila wewe."

Alicheka. Akachomoa simu yake kwa spika, akaiweka mfukoni, akakaa hadi mwisho kwa adabu, akatusaidia hata kupanga viti. Miezi miwili iliyofuata hakuja. Tukikutana ngazini ananiita msanii. "Sema, msanii." Kwa heshima kabisa, na hapo ndipo panauma.

Nimefikiria sana kwa nini mtu alipe elfu tatu kwa kitu kama kile. Mario Schmidt, mwanaanthropolojia, ameandika kitabu kizima juu ya wanaume wanaohamia Pipeline kutafuta maisha, kilitoka 2024, na neno linalokibeba ni presha. Presha ya kuwa mwanaume anayeleta. Hapa kila kitu lazima kilete. Muziki pia. Sisi sote tunakumbuka 2018, Ethic walipotoka Umoja, hapo juu tu, na "Lamba Lolo", na ghafla kila korido ikawa na kundi la wasee wanne na simu moja. Hadithi tuliyojifundisha tangu hapo ni kwamba muziki ni mlango wa kutokea mtaani. Basi mtu mwenye watoto wawili akialikwa kutunga muziki na majirani, atasikia nini? Atasikia mlango. Huenda alidhani kati yetu kuna mmoja anayejua mtu wa redio. Hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba sisi tunakutana kwa sababu tu, baada ya wiki nzima ya kuulizwa "hiyo inalipa?", ni raha kufanya kitu ambacho jibu lake ni hapana.

Ila hiyo ni kumtetea yeye. Bado sijajiuliza kama nilisema kweli.

Nilikuwa na nakala ya wimbo wake, maana huwa tunatumiana kwa WhatsApp kabla. Usiku mmoja stima zilipotea na nikaufungua tena gizani, kwa mara ya kwanza nikiuskiza bila kungoja zamu yangu ya kuongea. Karibu dakika ya kwanza na sekunde kumi, kabla ya kiitikio cha pili, anavuta pumzi. Studio ilisahau kuifuta, au yeye aliwaomba waiache. Ni pumzi ndefu, kavu, inayokwaruza. Nikairudisha nyuma, nikaweka na saundi ya mtungi kando yake, moja sikio la kulia na nyingine la kushoto. Mwendo ni ule ule. Urefu ni ule ule. Alikuwa ameuburuta ule mtungi kwa koo lake mwenyewe.

Labda ni bahati. Yule kijana wa chakacha pia alisema ni makosa. Lakini mkosoaji hana ruhusa ya kuita kitu bahati kwa mmoja na kipaji kwa mwingine kwa sababu tu mmoja ana sauti iliyonyooshwa na mashine na mwingine anakosea kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimeiskia ile mashine, nikafunga masikio, nikaanza kutunga sentensi yangu. Ilikuwa sentensi nzuri, nakiri. Nilikuwa nimeisafisha kama nilivyosafisha biti yangu. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa juu ya mtungi, na ningeitetea hadi leo mbele ya mwamuzi yeyote. Sehemu ya pili ilikuwa juu ya mtu, na mtu huyo sikuwa nimemskiza hadi mwisho. "Moto" na ile sentensi yangu ni ndugu, kumbe. Zote mbili unaweza kuzisema wimbo ukiwa bado unacheza.

Nilienda kibandani kwake siku ya Jumanne, nikijifanya nina shida ya chaji. Nilimwambia juu ya ile pumzi. Nilitaja dakika na sekunde. Hakuinua macho kutoka kwa simu aliyokuwa akiifungua. Akauliza tu, "Uliskia na earfoni ama spika?" Nikasema earfoni. Akasema, "Kwa spika ya kinyozi haitokei." Hilo nalo ni kweli, na sikuwa nimelifikiria: ile spika haina chini wala juu, inatoa katikati tu, na sisi tumekuwa tukiamua kazi za watu kwa spika ya kusikizia mpira. Dada wa mitumba alibahatika. Sauti yake inakaa katikati.

Kuanzia hapo tumebadilisha mambo mawili. Kila wimbo unapigwa mara mbili, mara ya kwanza hakuna anayeongea. Na mtu akitaka kusema "moto" lazima ataje sekunde. Msee wa boda analalamika kwamba hii sasa imekuwa shule. Kinyozi analalamika kwamba anafunga saa tatu usiku. Mwezi jana tulikuwa wanane badala ya kumi na mmoja, sitaki kudanganya kwamba kila mtu amependa.

Saundi ya mwezi huletwa kwa zamu, tukifuata namba za milango. Mwezi huu zamu imefikia mlango wa fundi. Tulikubaliana kwamba akinyamaza hadi tarehe tano tutaruka. Tarehe nne usiku, saa tano na dakika kadhaa, faili ikaingia, bila salamu, bila neno. Sekunde saba. Bisibisi ndogo inazunguka, skurubu inaanguka kwenye kisahani cha bati, halafu mlio mwembamba sana, ule wa simu inapobanduliwa mgongo. Kwa spika hauskiki.

Nimeiskiza mara ishirini. Bado sina kitu.